Akaunti isiyo na jina inakuchafua mtandaoni? Njia za kisheria za kumjua aliye nyuma yake

Mtu akichafuliwa na akaunti feki huwa anakimbilia vitu viwili, ama anamjibu pale pale kwenye komenti ama anatafuta jamaa wa kudukua amfichulie. Vyote viwili vitakuumiza wewe. Ukimjibu posti inazidi kusambaa, na huyo wa kudukua atakuingiza kwenye kosa la jinai wakati wewe ndo uliyekosewa, halafu alichokuletea mahakama inaweza kukikataa. Njia ya halali ipo jamani, inaenda polepole na ina gharama lakini imeshawafichua wengi, na kinachoiua zaidi ni kuchelewa.

Elewa kwanza jina lake limekaa wapi. Mtandao wa kijamii wenyewe mara nyingi haujui jina lake halisi, kilichopo kwao ni barua pepe aliyojisajilia, pengine namba ya simu, na anwani za IP (namba zinazotambulisha laini ya intaneti) alizotumia kuingia pamoja na saa alizoingia. Kampuni ya intaneti ndo yenye jina, ndo inayojua anwani ile saa ile alikuwa nayo mteja gani. Kwa hiyo ni milango miwili, unagonga wa kwanza unapewa namba, unaenda na hiyo namba kugonga wa pili. Na kumbukumbu za pande zote mbili hazikai milele, zingine zinafutwa baada ya wiki kadhaa tu au miezi michache, ndo maana mtu anayekaa nusu mwaka akisubiri hasira zipoe anaweza kushinda amri ya mahakama akaambiwa hakuna kitu cha kutoa.

Halafu kuna muda wa kufungua kesi yenyewe. Kesi ya kashfa, yaani ya kuchafuliwa jina, ina ukomo mfupi kuliko madai mengi mengine. Uingereza na Wales ni mwaka 1, Kenya ni miezi 12, California na New York mwaka 1, na majimbo mengine ya Marekani yanaenda mpaka miaka 2 au 3. Siku zinaanza kuhesabiwa tangu posti ilipochapishwa, sasa usijiambie bado una muda mpaka wakili akuthibitishie kwa sheria ya kwenu.

Leo leo, kabla ya kitu kingine chochote, hifadhi ushahidi. Skrinshoti ya maneno peke yake haitoshi kabisa. Inatakiwa ionekane linki nzima, jina la akaunti linaloanzia na ile alama ya @ (sio jina la juu tu, hilo analibadilisha kwa sekunde), tarehe, saa, na komenti za watu walioiona. Rekodi na video ya skrini ukianzia kwenye profaili yake ukishuka mpaka kwenye posti. Usikate picha, usizungushie duara jekundu, weka nakala safi pembeni, hizo za kuchorachora tengeneza nyingine. Saa iandike pamoja na majira yake (ni saa za nchi gani), maana kumbukumbu za kampuni nyingi ziko kwenye saa za UTC, ile saa ya kimataifa ambayo Afrika Mashariki iko masaa matatu mbele yake, na tofauti ya masaa matatu inakupeleka kwa mtu mwingine kabisa. Na mtafute mtu mwingine aliyeiona posti kwa macho yake ambaye yuko tayari kusema hivyo, kwa sababu kashfa haiwi kashfa kama hakuna mwingine aliyesoma.

Cha pili ni barua ya kuhifadhi data, na hapa wengi wanakosea mpangilio, wanaripoti kwanza posti ifutwe, inafutwa kweli, na kumbukumbu zinaanza safari ya kupotea. Barua itangulie, iende idara ya sheria ya kampuni, kile kitufe cha kuripoti hakitoshi. Haihitaji lugha ngumu, unaweza kuandika hivi: "Ninatarajia kufungua shauri kuhusu posti iliyopo kwenye linki hii, iliyowekwa na akaunti hii, tarehe na saa hii. Naomba mhifadhi taarifa za usajili wa akaunti hii, anwani za IP zilizotumika kuingia na kuweka posti hii, namba za porti na saa zake kamili, hadi mahakama itakapotoa maelekezo." Iwe na sahihi ya wakili ikiwezekana. Kampuni zingine zitaifanyia kazi, zingine zitanyamaza, ila siku ya mahakama hakuna atakayesema hakuambiwa.

Hiyo namba ya porti niliyoiweka, yaani namba ya ziada inayotenganisha watumiaji wa anwani moja, ina maana yake. Kampuni za simu siku hizi zinawapa wateja wengi anwani moja ya IP kwa wakati mmoja, yaani ukipeleka anwani bila porti na bila sekunde utajibiwa kwamba walikuwa mamia. Mawakili wengi wanalisahau hili, lisimamie wewe.

Sasa kabla hujalipa hela ya wakili kaa na hiyo posti uisome kama mtu baki. Mtu akiandika huduma yako ni mbovu, hayo ni maoni, yanauma ila mahakama haitakupa jina lake. Akiandika umewaibia wateja hela zao na si kweli, hapo una kitu, maana ni dai linaloweza kuthibitishwa kuwa uongo. Uingereza tangu sheria ya kashfa ya 2013 lazima uonyeshe madhara makubwa kwa jina lako, na kwa kampuni ya biashara maana yake ni hasara kubwa ya fedha. Na kama kilichosemwa ni kweli, tafadhali achana nayo. Kuna watu wanajificha kwa sababu wanafichua wizi au unyanyasaji, na kinga yao ni ya muhimu kuliko aibu ya mtu yeyote.

Kwenye nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza njia kubwa inaitwa amri ya Norwich Pharmacal, imetokana na kesi iliyoamuliwa 1973 ambapo kampuni ya dawa yenye jina hilo ilitaka majina ya waliokuwa wanaingiza bidhaa kinyume na hataza yake (haki ya kipekee ya uvumbuzi wake) na majina yalikuwa kwa watu wa forodha. Majaji wakasema, aliyejikuta ameingizwa kwenye kosa la mwingine hata bila hatia ana wajibu wa kumsaidia aliyekosewa kwa kutoa taarifa. Utatakiwa kuonyesha kwamba kuna kosa, kwamba unaihitaji taarifa ili uchukue hatua, na kwamba huyo unayemuomba ndiye aliyenayo. Gharama za kampuni za kutafuta na kutoa taarifa kwa kawaida unalipa wewe mwombaji, unaweza kuzidai baadaye kwa mkosaji ukishampata.

Marekani wanafungua kesi dhidi ya mtu asiyejulikana, wanamwita John Doe, halafu wanaiomba mahakama iilazimishe kampuni itoe taarifa. Usidhani ni kazi nyepesi, tangu kesi za Dendrite ya New Jersey 2001 na Cahill ya Delaware 2005 mahakama nyingi za kule zinataka mwandishi apewe taarifa kwanza na wewe ulete ushahidi kwamba kesi yako inasimama. Yeye anaweza kuweka wakili akapinga huku jina lake bado limefichwa. Kuushtaki mtandao wenyewe kule karibu haiwezekani, kifungu cha 230 cha sheria yao ya mawasiliano ya 1996 kinaukinga kwa maneno ya watumiaji, ila hakimkingi aliyeandika.

Na kama wewe uko nchi nyingine na kampuni iko Marekani, kuna kifungu namba 1782 cha sheria zao za shirikisho (28 U.S.C. 1782), kinakuruhusu uiombe mahakama ya shirikisho kule ikupatie ushahidi wa kutumia kwenye kesi ya kwenu. Kesi si lazima iwe imeshafunguliwa, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 2004 inatosha kama inatarajiwa kweli kweli. Hakimu ana hiari ya kukukatalia, na utahitaji wakili wa kule. Watu wengi wanaambiwa "kampuni iko nje hatuna la kufanya" na wanakubali, sio sawa, muulize wakili wako kuhusu hiki kifungu kwa jina lake.

Japani waliona adha ya milango miwili wakabadilisha sheria, tangu Oktoba 2022 mtu anaweza kuomba yote kwenye shauri moja. Natamani nchi zote zingefanya hivyo.

Polisi nao ni njia, ila sio kwa kila kitu. Kama ndani ya posti kuna vitisho, picha za utupu, kudaiwa hela ili ifutwe, mtu anayejifanya wewe, au mtoto amehusishwa, nenda polisi moja kwa moja maana wao wana uwezo wa kisheria wa kudai kumbukumbu bila wewe kulipia. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2008 iliikuta Finland na hatia kwa sababu sheria yake ya wakati ule haikuruhusu kumjua mtu aliyeweka tangazo la ngono kwa jina la mtoto wa miaka 12. Kwa kashfa ya kawaida nchi nyingi watakuambia ni kesi ya madai, sio ya jinai, nenda mahakamani.

Ukishapewa jina, tulia. Jina ulilopewa ni la anayelipia intaneti, anaweza kuwa mzazi, bosi, mwenye nyumba. Kama alitumia VPN (huduma inayoficha anwani halisi ya IP) unaweza ukaishia kwenye kampuni nyingine isiyo na kumbukumbu, hapo barua pepe na namba ya simu za usajili ndo zinabaki kuwa na thamani. Uyaunganishe na mengine, nani alikuwa anajua yale ya ndani yaliyotajwa, anavyoandika, kama akaunti ilinyamaza siku fulani. Usiweke jina mtandaoni, kwanza amri kwa kawaida inakuruhusu kuitumia taarifa kwa kesi hiyo tu, pili ukikosea mtu, wewe ndo unakuwa mdaiwa wa kashfa.

Siku ya kwanza kwa wakili nenda na folda ya ushahidi, nakala ya barua na uthibitisho wa kuituma, na orodha fupi ya hasara, mteja aliyeondoka, kazi uliyonyimwa. Muulize bei ya kila mlango kivyake, na muulize pia kama lengo lako linatimia kwa posti kufutwa tu. Kuna watu wanachotaka hasa ni posti itoke, na hiyo ni bei nyingine kabisa.