SOMO: Irabu za Kiingereza kwa sisi tuliozoea tano

Wakuu, mwezi huu nimeulizwa mara tano tofauti ya "ship" na "sheep". Naandika leo, kesho nisiulizwe tena.

1. Usiamini herufi. Sisi tuna irabu 5 na herufi 5, mambo yamekwisha. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu kama 20 kwa herufi hizohizo.

2. Usifunge neno kwa irabu ya bure. "Stop", si "stopu".

3. "Ship" na "sheep". Hapa ndipo nilipoaibika. Shuleni tuliambiwa moja fupi, nyingine ndefu, basi. Nikapata kazi mapokezi ya hoteli Arusha. Mgeni akalalamikia kitanda, nikamwahidi "sheets" safi, harakaharaka, kwa i yetu ya kawaida. Alichosikia ni kinyesi. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Nikaanza kuvuta kila kitu: "sheets" ikapona, lakini nikimwambia mtu "fill this form" anasikia "feel", hata niikate fupi namna gani.

Sababu ni kwamba i ya Kiswahili ni jirani wa ile ya "sheep". Ya "ship" kwetu haipo. Makao yake ni kati ya i yetu na e yetu. Anza na i, legeza midomo, shusha ulimi kidogo kuelekea e, usifike. Ukifika umesema "shep".

ONYO: urefu ni msaidizi tu, na herufi inayofuata huubadili. Irabu ya "bid" huvutwa kuliko ya "bit", na inaweza kulingana na ya "beat". Ukipima kwa urefu peke yake utapotea kama mimi. "Full" na "fool" ni ugonjwa uleule, upande wa u.

4. "Shirt", "skirt", "nurse" zina irabu moja. Sisi tulipokopa tukaigawa: shati likapata a, sketi na nesi wakapata e. Si a, si e. Ulimi katikati ya kinywa, midomo imelala.

5. "Gate" huanza na e ikateleza kuelekea i; "get" haitelezi. Geti na keki zilipoingia kwetu mtelezo ulibaki bandarini.

6. Silabi isiyo na mkazo hulegea. Katika "banana" a ya kati ndiyo hutoka wazi, za pembeni ni mguno tu.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo ship fupi, sheep ndefu?

Rudi namba 3. Soma, usipitishe macho.

— Huu ni utumwa wa akili. Lafudhi yetu ina ubaya gani?

Hakuna niliposema lafudhi. Zungumza kama mtu wa Tanga mpaka uzeeke, ila "fill" na "feel" ni maneno mawili. Mimi nililipwa ili nieleweke.

— Shikamoo mwalimu. Kwa nini wameandika tofauti na wanavyotamka?

Marahaba, swali zuri hili. Zamani waliandika karibu na walivyotamka: "name" ilisikika kama "naama", mwisho ukilegea, na "house" kama "huus". Kuanzia miaka ya 1400 irabu zao ndefu zikahama, uhamaji uliochukua karne mbili tatu. William Caxton akaleta mtambo wa kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, katikati ya safari hiyo. Tahajia ikaanza kuganda, sauti zikaendelea na safari.

— Niko Bukavu, tumesomea Kifaransa. Tuna nafuu yoyote?

Mnayo, ndugu yangu. Chukua irabu ya "sœur", usiviringe midomo, uko karibu sana na "shirt". Ila "ship" itakutesa kama sisi, Kifaransa nacho kina i moja.

— Weka sauti basi mkuu, kusoma kunachosha.

Kamusi za mtandaoni zina kitufe cha spika. Bonyeza.

— Mimi nawasha kuandika kwa sauti kwenye simu, lugha naweka Kiingereza, natamka neno naangalia imeandika nini.

Safi sana dada, hiyo sikuiwaza. Tamka neno pekee. Kwenye sentensi simu inakisia. Jaribu "live" na "leave".

— Imeandika "leaf" zote mbili.

Hapo kuna i, na kuna v pia. Ya v ni somo jingine, na siliandiki mwezi huu.