Kumpeleka mavyaa na watoto kwenye baridi ya Norway kwa meli, bila ya kuhangaika

Safari ya meli ya familia ipange kwa kipimo cha aliye dhaifu kuliko wote. Kwetu sisi alikuwa mavyaa wangu, mtu wa Wete, magoti yanamsumbua na mkondo wa Pemba ameuvuka tangu utotoni. Mwengine alikuwa mwanangu wa mwisho, ambaye hata miaka sita hajatimiza. Baba watoto na wale wakubwa wawili wangeweza kwenda popote. Basi kila nilipotaka kuamua jambo, meli gani, mwezi gani, chumba gani, nilijiuliza kwanza: bibi na mdogo wataliweza? Wakiliweza wao, sisi wengine tuna nini cha kulalamikia.

Kwa kipimo hicho ndipo tulipoiacha Alaska. Milima ya barafu ya kule inavutia, lakini hesabu viza. Meli nyingi za Alaska huondokea Vancouver, Canada, au Seattle, Marekani. Ukipandia Vancouver unahitaji viza za nchi mbili. Ukipandia Seattle bado hujaepuka, kwa sababu iko sheria ya Marekani ya tangu 1886 inayozilazimisha meli zenye bendera ya nje kugusa bandari ya nchi nyengine kabla ya kurudi zilikotoka, na aghlabu hugusa Victoria, ambako ni Canada. Mtu mwenye pasipoti ya Tanzania na watoto watatu, viza mbili ni foleni mbili, ada mbili, na roho juu mara mbili. Tena saa za Alaska ziko mbali na zetu mno. Mtoto hulala mchana na kukesha usiku siku kadhaa.

Norway viza ni moja tu, ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Na wakati wa kiangazi chao saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja basi. Mdogo wangu alilala saa yake ya kawaida usiku wa kwanza. Ila angalieni jambo moja: zipo meli za kwenda Norway zinazoondokea Southampton, Uingereza. Bei zake zaweza kukushawishi, lakini hapo itakubidi uwe na viza ya Uingereza juu ya ile ya Schengen. Chagua meli inayoanza na kumaliza ndani ya Norway kwenyewe.

Nazo zipo. Kuna meli zinazopita pwani yote kutoka Bergen hadi Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi, kwenye njia iliyoanzishwa na nahodha Richard With mwaka 1893, ikiwa fupi kuliko ilivyo leo. Zinagusa bandari 34, na kwenda na kurudi ni siku 12. Leo kampuni mbili, Hurtigruten na Havila, zinagawana njia hiyo. Nazipendekeza kwa familia kwa moyo wangu wote. Hazina kelele za muziki usiku wala umati wa maelfu ya watu. Zinabeba mizigo na wenyeji wanaotoka mji huu kwenda ule, kama boti zetu, na wanangu waliokulia karibu na bandari ya Malindi, Unguja, walisimama kwenye ukingo wa sitaha kila bandari kutazama mizigo ikishushwa. Wapo watakaokwambia watoto watachoka bila ya mabwawa na michezo. Mimi nasema mtoto huchoshwa zaidi na kuburutwa huku na huku.

Lakini siku zote 12 ni nyingi kwa mtoto mdogo. Sisi tulipanda Bergen tukashuka Tromsø, siku ya tano mchana, kisha tukarudi Oslo kwa ndege. Katika kipande hicho unapata Ålesund, Trondheim, kuvuka mzingo wa Aktiki (mstari wa kaskazini ambako kiangazi zipo siku jua halitui), Bodø na visiwa vya Lofoten. Fiyodi, zile hori za bahari zilizopenya ndani kabisa katikati ya milima, utaziona mpaka ushibe. Kama shabaha yako ni Geirangerfjord, ambayo pamoja na Nærøyfjord imo katika Urithi wa Dunia tangu 2005, miaka mitano baada ya Mji Mkongwe wetu, basi iulize kampuni kabla ya kulipa iwapo meli yako inaingia ndani. Kuanzia 2026 zimewekwa kanuni kali za moshi katika fiyodi hizo kwa meli za abiria zilizo ndogo, na ratiba zinabadilika.

Viza, na pesa kabla ya viza

Hapa ndipo panapotesa watu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini laweza kufika 45. Mimi nasema peleka miezi mitatu kabla. Ada tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi kabla ya 12. Aliye chini ya sita halipi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita na ibakiwe na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka kule. Za watoto ndizo za kuangalia kwanza, maana muda wake huisha upesi nawe huna habari. Kila mtu awe na bima ya safari inayofika euro 30,000. Aliyetimiza miaka 12 hutoa alama za vidole, na vidole haviwakilishwi na mtu. Kwetu wa visiwani hiyo ni kupanda boti kwenda bara. Mpange mavyaa na kijana mkubwa siku moja, mlale kwa jamaa, mrudi kesho yake. Msiende na kurudi kutwa moja na mtu mzima wa magoti mabovu.

Mimi ni mshoni, sina hati ya mshahara. Nilichopeleka ni leseni ya biashara, taarifa za benki, barua za skuli za watoto zinazosema likizo inaisha lini, na vyeti vya kuzaliwa vyenye majina ya wazazi wote wawili. Kama mtoto anasafiri na mzazi mmoja tu, tayarisha ridhaa ya maandishi ya yule mwengine. Wanachotaka kukiona ni kwamba unacho cha kukurudisha nyumbani.

Na pesa ya meli? Usilipe yote kabla ya viza. Lipa amana kwa masharti yanayokuruhusu kurudishiwa, na masharti hayo uyasome yote, hata yale maandishi madogo. Ni safari ya gharama, siwafichi. Sehemu kubwa ya yetu ilitoka kwenye mchezo, ule wa kuchangiana pesa kwa zamu, wa wanawake wa mtaani. Niliomba zamu yangu iwe ya mwisho ili pesa ije mkononi wakati wa kulipia. Aliye na mchezo na azungumze na wenzake mapema.

Chumba na bahari

Sehemu kubwa ya njia inapita nyuma ya visiwa na maji yake ni shuwari. Zipo sehemu zilizo wazi, hasa kwenye rasi ya Stad, na kule kuvuka Vestfjorden kutoka Bodø kwenda Lofoten, inapochukua saa kadhaa. Mavyaa aliponiuliza kama ni mfano wa mkondo wetu wakati wa kusi, sikumdanganya: siku mbaya ni hivyo hivyo, ila kiangazi siku mbaya ni chache, na meli ni kubwa kuliko boti yoyote anayoijua.

Chukua chumba cha katikati ya meli, tena cha chini. Mbele na juu ndiko meli inakotikisa zaidi. Dawa ya kuchafukwa hunywewa kabla ya mawimbi, moyo ukishachafuka imechelewa, na kwa mzee mwenye shinikizo la damu au mtoto mdogo dozi aiseme daktari wa hapa nyumbani kabla hamjaondoka. Tangawizi kavu nayo ibebe. Vyumba vingi ni vya watu wawili au watatu, kwa hiyo omba viwili vilivyo jirani: bibi na mjukuu mkubwa wa kike huku, wengine kule. Uliza kama lifti inafika ghorofa yenu, na kama choo kina pa kushikia.

Nguo

Tulikwenda Juni, likizo ya skuli. Tromsø mchana ni digrii 12 hivi, na juu ya sitaha upepo unaifanya iwe kali kuliko hapo. Aliyezoea kipupwe cha Unguja kuwa ndiyo baridi atashangaa.

Msinunue vitu vipya vya bei kubwa. Darajani kwenye mitumba mna masweta ya sufu na makoti mazuri kabisa, ukienda asubuhi mapema na ukajua unachotafuta. Vaa tabaka tatu: ya ndani inayobana, ya sufu au ya michezo, wala isiwe pamba, maana pamba ikinywa jasho inakugandisha, ya pili sweta, ya juu kabisa koti lisilopitisha upepo wala mvua. Viatu viwe vikubwa namba moja ili soksi nene iingie. Baibui refu juu ya sitaha halifai, linajaa upepo mithili ya tanga. Mimi na mavyaa tulivaa suruali za sufu chini ya gauni, koti refu la kufika magotini, na mtandio wa sufu uliobanwa ndani ya koti. Glavu za mdogo nilizifunga kwa uzi mrefu unaopita ndani ya koti kutoka mkono mmoja hadi wa pili, na hazikupotea.

Halafu wavalishe nyumbani mara moja kabla ya safari, usiku, feni ikiwa juu. Mtoto wa kwetu hajapata kufunga zipu ya koti nene akiwa na glavu. Ajifunze kwenu sebuleni, si kwenye ngazi ya meli. Na nguo za baridi zisiende kwenye begi la kupakiwa. Zishikeni mikononi, maana Bergen ni mji wa mvua na mtazihitaji mlango wa uwanja wa ndege.

Chakula na sala

Waandikie kampuni wakati wa kukata tiketi kwamba hamli nyama isiyo halali na hamtaki mvinyo kwenye mchuzi. Samaki ni wengi na wazuri, samoni hasa, lakini uliza kila mara amepikwa na nini. Tende, kashata za nazi na pilipili ya kusaga zilitufaa sana. Ila Norway hairuhusu kuingia na nyama wala vitu vya maziwa kutoka nchi zetu, kwa hiyo sambusa za nyama na chupa ya samli ziacheni nyumbani.

La sala ndilo lililomshughulisha mavyaa kuliko baridi. Tromsø jua halitui kuanzia kiasi cha tarehe 20 Mei hadi 22 Julai. Maghrib ni lini? Maulamaa wametoa zaidi ya jibu moja: wako wanaosema fuata nyakati za mji wa karibu unaotuliwa na jua, wako wanaosema fuata za Makka. Muulizeni sheikh wenu kabla ya kuondoka, mshike jibu moja nyote, mliandike. Baba watoto alilichapisha jedwali la siku zote akalibandika mlangoni kwa chumba cha mama yake, na baada ya hapo halikuzungumzwa tena. Kukusanya na kupunguza sala kwa msafiri kunajulikana kwetu, masharti yake nayo aulizwe sheikh huyo huyo. Qibla hapa Unguja tunaelekea kaskazini. Kule ni kusini-mashariki. Meli inageuka geuka, kwa hiyo chukua dira na uitazame kila kabla ya takbira.

Mapazia ya chumba yafunge saa mbili usiku hata jua likiwa linawaka, mdogo alale kwa saa na si kwa mwanga.

Siku zenyewe

Ratiba ya meli huandikwa kwa saa 24. Iandike upya kwa saa zetu: 14:15 iwe saa nane na robo mchana. Mzee asifanye hesabu akiwa ameshika mkongojo. Bandari nyingi meli inasimama chini ya nusu saa, na haisubiri mtu. Hizo msishuke kabisa. Shukeni Ålesund, Trondheim na Bodø, mtembee taratibu, na muwe mmerudi nusu saa kabla. Matembezi ya kulipia chagueni moja kwa safari nzima. Pesa taslimu hazina kazi, kadi inapokewa kila mahali, na maji ya bomba yananyweka.

Kuvuka mzingo wa Aktiki, kwenye kisiwa kidogo chenye sanamu ya dunia, hufanyika sherehe ya kumwagiwa barafu shingoni. Watoto wakubwa waliipanga foleni mara ya pili. Trollfjorden, mlango wake mita 100 hivi, meli huingia karibu na usiku wa manane kiangazi hewa ikiruhusu. Waamshe wanaotaka. Mdogo tulimwacha alale, na bibi akabaki naye kwa kupenda kwake, kiti kimesogezwa dirishani.

Mkishuka Tromsø msipande ndege siku hiyo hiyo. Laleni usiku mmoja, na mwengine Oslo kabla ya ndege ya Doha, Istanbul au Addis Ababa. Meli ikichelewa kwa hewa mbaya, siku hizo mbili ndizo zitakazowanusuru na kukimbizana uwanjani na mtu mzima na mizigo.