Kabla hujanunua samaki, andaa chujio

Mwaka juzi nilinunua tangi la lita 60, chujio na samaki wa dhahabu sita, vyote siku moja. Nikaliweka sebuleni kwetu Shangani, hapa Mtwara, na watoto wakakaa mbele yake kama wanaangalia mpira. Siku ya tano samaki mmoja akaanza kuhemea juu ya maji. Wiki haikuisha, hakubaki hata mmoja, na maji yalikuwa maangavu kabisa. Iliniuma sana, maana niliwaua kwa kutojua.

Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki hutoa amonia, sumu usiyoiona kwa macho. Sponji ya chujio haiwezi kuinasa kama inavyonasa taka. Wanaoiondoa ni bakteria wanaoishi ndani ya sponji hiyo: wa kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Kujenga makazi yao huchukua kama wiki 4 hadi 6. Basi washa chujio mapema, tangi likiwa halina samaki, na kila siku tia punje chache za chakula ili zioze na kutoa amonia. Ukiwa na rafiki mwenye tangi lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake kuukuu. Hicho kitakupunguzia siku nyingi. Agiza na kipimo cha amonia na nitriti. Samaki waingie vyote viwili vikisoma sifuri, tena waanze wawili au watatu.

Pampu ya chujio iweze kuzungusha maji yote ya tangi mara 4 au 5 kwa saa. Meza nayo iwe imara: lita 60 ni kilo 60 kabla hujahesabu kioo na mchanga.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na haibagui bakteria wako. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Maji ya kisima cha karibu na bahari yaonje kwanza. Yenye chumvichumvi hayafai kwa samaki wa maji baridi. Na sisi wa pwani tuna kishawishi chetu: kuokota makombe na vipande vya matumbawe ufukweni kupamba tangi. Chokaa yake hupandisha ugumu wa maji na pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji), na pH ikipanda amonia huwa kali zaidi. Tumia mchanga wa mto uliooshwa vizuri.

Sponji ikiziba, usiipeleke bombani, na sabuni usiikaribishe kabisa. Chota maji ya tangi kwenye beseni, iminye mara mbili tatu. Yatatoka ya kahawia, kama maji aliyonawia mtu aliyetoka kupalilia. Ukiigusa itakuwa bado na utelezi kidogo. Huo utelezi ndio bakteria wenyewe, uache. Nitrati utaipunguza kwa kubadilisha robo ya maji kila wiki.

Halafu umeme. Chujio likisimama saa kadhaa, bakteria hukosa hewa na kuanza kufa, na kwenye joto letu la Desemba maji yenyewe hubeba oksijeni kidogo. Weka pampu ndogo ya hewa ya betri. Kama huna, chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu, kila baada ya dakika chache. Usiwape chakula mpaka umeme urudi. Pampu ya hewa iliyo chini ya usawa wa maji ifungwe vali ya kuzuia maji yasirudi, la sivyo ikizimika maji hufuata mpira hadi sakafuni. Na chujio la kopo lililofungwa, lile linalokaa nje ya tangi, likikaa muda mrefu bila umeme, lifungue ulisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha tena, maana maji yaliyochacha ndani yake yatarudi yote kwa samaki.