Mgonjwa akitoka kuwekewa katheta ya moyo: pitisha mkono chini ya paja

Nawaandikia wauguzi wenzangu wa Mwanza na visiwani, hasa mnaolala zamu peke yenu. Nilipokuwa mgeni kazini nilimuuliza mzee mmoja, mvuvi wa Ukerewe, aliyetoka kupitishiwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopita kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, anajisikiaje. "Sijambo, mwanangu." Plasta ya kinenani ilikuwa nyeupe kabisa. Nilipopitisha kiganja chini ya paja lake, shuka lilikuwa limelowa damu.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kumpokea. Waliingilia kinenani au kwenye kifundo cha mkono? Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, alipewa saa ngapi? Mapigo ya miguu yalikuwaje kabla ya kipimo? Usipolijua hilo la mwisho, huna cha kulinganisha.

Hatua ya 2: Mlaze. Kwa kinena, alale chali, mguu umenyooka, kwa muda alioandika daktari. Mara nyingi ni saa 4 hadi 6. Asiinue kichwa mwenyewe, maana tumbo likikaza, kinena nacho kinakaza. Akikohoa, abonyeze plasta kwa kiganja.

Hatua ya 3: Funua shuka kila mara. Kila dakika 15 saa ya kwanza, kila dakika 30 saa inayofuata, kisha kila saa, isipokuwa utaratibu wa wodi yenu unasema vingine. Pima presha na mapigo, halafu weka mashine pembeni utumie mikono. Gusa kuzunguka plasta: ni laini au kumekuwa kugumu? Pitisha kiganja chini ya paja na kiuno, kwa sababu damu hufuata mteremko. Tafuta mapigo juu ya wayo, linganisha joto na rangi ya miguu yote miwili. Ukikuta uvimbe, uzungushie kalamu na uandike saa.

Hatua ya 4: Damu ikitoka. Bonyeza kwa nguvu kama sentimita 2 juu ya tundu la ngozi, upande wa tumboni. Sindano iliingia kwa mshazari, kwa hiyo tundu la mshipa liko juu zaidi. Paza sauti uitiwe msaada, na usiachie ili kuchungulia.

Kuna damu usiyoweza kuiona. Mgonjwa akilalamika mgongo au ubavu, presha ikashuka na moyo ukaenda mbio, huenda anavujia ndani, nyuma ya tumbo. Usimpe paracetamoli ukaondoka. Mwite daktari hapo hapo.

Aliyeingiliwa mkononi hutembea mapema. Angalia vidole vyake, na upunguze kidogo kidogo hewa ya bangili inayobana tundu.

Hatua ya 5: Figo. Dawa ya rangi, ile aliyodungwa ili mishipa ionekane kwenye picha, hutoka kwa mkojo, hivyo anywe maji kama moyo wake unaruhusu, nawe upime mkojo. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, muulize daktari lini airudie.

Hatua ya 6: Nyumbani. Mwambie kwa lugha ya kazi yake: wiki nzima asivute nyavu, asisukume mtumbwi, asibebe ndoo, asioge ziwani. Damu ikitoka, alale chini abonyezwe, na isipokoma aletwe hospitali huku bado anabonyezwa. Kama anapanda meli kwenda Nansio, mfundishe ndugu yake kabla hawajatoka wodini: shika mkono wake, uuweke penyewe, abonyeze mpaka uridhike.