Jinsi ya kubadilisha funguo za gitaa la besi bila kuharibu mbao

Besi ikishindwa kushika tyuni, lawama ya kwanza huziangukia funguo zile kubwa za kichwani. Mara nyingine lawama hiyo ni ya haki. Hapa pwani hewa ya chumvi hula giya zilizo wazi mpaka kishikio kinageuka kwa kukwaruza. Kuzibadilisha si kazi ngumu, ila wengi wanaoniletea besi baada ya kujaribu wenyewe huja na funguo mpya nzima kabisa na mbao zilizoumia: tundu limetanuliwa kwa papara, skrubu imekatikia ndani, rangi imebanduka kuzunguka bushi, ile pete ya chuma inayoshika ufunguo tunduni upande wa mbele. Mwongozo huu unahusu besi ya nyuzi nne ya mtindo wa Fender, yenye funguo zote upande mmoja wa kichwa.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa ni la funguo

Shika kishikio kwa vidole viwili, kisukume mbele na nyuma polepole huku ukitazama shafti, yaani nguzo ambayo uzi huzungushiwa. Kishikio kikicheza kwanza kabla shafti haijaanza kugeuka, giya imelika. Lakini kabla ya kuihukumu, kaza skrubu ndogo iliyo katikati ya gurudumu la giya. Mara nyingi ni hiyo tu imelegea.

Sikiliza pia. Ukipandisha uzi ukasikia mlio mkavu wa "tik" halafu sauti ikaruka ghafla, uzi unakwama kwenye mfereji pale unapoingia kichwani. Funguo mpya hazitaponya tatizo hilo. Paka unga wa penseli kwenye mfereji, kisha jaribu tena, na kila mara ifikie sauti ukitoka chini kwenda juu. Bado haishiki? Sasa endelea.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kununua

Hapa ndipo kazi inapofanikiwa au kuharibika, kwa hiyo usiharakishe. Toa ufunguo mmoja tu, kwa namna ya Hatua ya 3 na ya 4, chukua kalipa (kipimo cha kupimia vipenyo), uandike vipimo hivi kwenye karatasi: kipenyo cha tundu la kichwa bushi ikiwa imetoka, kipenyo cha shafti, unene wa kichwa, na nafasi kutoka katikati ya tundu moja hadi jingine. Ongeza umbali wa matundu ya skrubu.

Besi za mtindo huu huja na matundu ya aina mbili zinazojulikana zaidi. Zile zinazofuata mtindo wa zamani zina tundu la takriban milimita 17.5, na nyingi za kisasa zina la milimita 14 hivi. Hipshot, kwa mfano, hutengeneza funguo za shafti ya nusu inchi kwa tundu kubwa na za inchi 3/8 kwa tundu dogo. Gotoh na Schaller nao wana aina mbalimbali. Picha ya dukani haitakuonyesha tofauti hiyo. Soma vipimo vya muuzaji. Hakikisha pia unanunua za upande unaofaa, kwa kuwa funguo za kushoto na za kulia si sawa.

Ushauri wangu ni huu: tafuta funguo zinazoingia kwenye tundu ulilonalo. Tundu likiwa kubwa mno, zipo bushi za kupunguzia. Likiwa dogo, litanuliwe kwa rima ya mkono, chombo cha kutanulia tundu, kidogo kidogo, ukipima kila baada ya mizunguko michache. Usitumie biti pana ya drili. Huuma ukingo wa tundu la zamani, hurarua rangi, na inaweza kupasua kichwa.

Kama besi yako huinamisha kichwa ukiiachia ikiwa mkandani, fikiria funguo nyepesi za alumini. Uzito wa kichwani uko mbali na mwili wa gitaa, ndiyo maana gramu chache hapo hubadilisha mengi.

Hatua ya 3: Legeza nyuzi

Seti ya kawaida ya 45 hadi 105 (unene wa nyuzi kwa elfu za inchi) huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 80 hivi kwa jumla. Usikate uzi ukiwa umekaza. Vaa miwani, legeza nyuzi zote nne kwa zamu mpaka zining'inie, ndipo uzitoe. Laza gitaa mezani, shingo ikiegemea taulo lililokunjwa. Piga picha ya kichwa mbele na nyuma, ili baadaye usibishane na kumbukumbu yako.

Hatua ya 4: Toa funguo na bushi

Bisibisi ikae sawasawa kwenye skrubu, ukiisukuma chini huku ukigeuza. Skrubu ikigoma, usilazimishe. Igusishe ncha ya pasi ya kulehemu yenye moto kwa sekunde chache, iache ipoe kidogo, ujaribu tena. Joto hulegeza rangi iliyoshikana na chuma.

Bushi ya kupachikwa, yaani ile inayobanwa tunduni bila nati, ina rangi iliyoganda kuizunguka. Pitisha wembe mkali kwenye mzunguko huo, kisha isukume kutoka nyuma kwa kijiti cha mbao ngumu kinachoingia tunduni, ukigonga kwa upole na kuzunguka ukingo wote. Ukiipindua kwa bisibisi kutoka mbele, rangi itatoka nayo.

Hatua ya 5: Ziba matundu ya zamani ya skrubu

Mara chache sana matundu mapya hulingana na ya zamani. Tundu jipya likiwa karibu na la zamani, biti itateleza na kuangukia la zamani, na ufunguo utakaa upande. Kwa hiyo ziba kwanza: chovya vijiti vya mbao vya kuchokolea meno kwenye gundi nyeupe ya mbao, vijaze tunduni hadi vikaze, uache usiku kucha. Asubuhi vikate kwa kisu kikali visawazike na mbao.

Tundu la zamani likifaa, kuna namna ya kuirudisha skrubu bila kuharibu njia yake. Iweke juu ya tundu, igeuze kinyume, kama unaifungua, mpaka uhisi imeshuka kidogo. Hapo imepata njia yake ya awali, sasa kaza.

Hatua ya 6: Funga funguo mpya

Bushi mpya ya kupachikwa iingizwe kwa kibanio cha seremala, ubao laini pande zote mbili. Nyundo hapana. Bushi ya kukazwa kwa nati huingia kwa mkono kwanza, kisha spana inayoikaa vizuri, robo mzunguko tu baada ya kugusa mbao.

Panga funguo zote nne kwa rula ndefu kabla ya kutoboa hata tundu moja. Weka alama kwa ncha ya msumari. Biti iwe na unene wa kiini cha skrubu: ishike mbele ya skrubu, uone meno pande zote mbili lakini usione kiini. Funga tepu ya karatasi kwenye biti kuonyesha kina, kwa maana kichwa chenye unene wa milimita 15 hakitakusubiri ukigundua umechelewa. Sugua skrubu kwenye nta ya mshumaa kabla ya kuiingiza. Wengine hutumia sabuni. Mimi siipendi, kwani huvuta unyevu na skrubu huota kutu. Simama mara skrubu inapokaza.

Hatua ya 7: Weka nyuzi

Pitisha uzi kwenye mfereji, uvute uipite shafti kwa sentimita 10 hadi 12, upinde kwanza, ndipo ukate. Ukikata bila kupinda, waya wa nje unaweza kufunguka na uzi kupoteza sauti yake. Ncha iingie katikati ya shafti, mizunguko iwe miwili au mitatu ikishuka kwenda chini, isikanyagane. Kaza zote kwa zamu hadi E, A, D na G, kisha vuta kila uzi kwa kidole kutoka juu ya shingo, utyuni tena. Rudia mpaka sauti isishuke.

Baada ya siku chache za kupiga, pitia bushi za nati na skrubu zote kwa mkono tu, bila nguvu. Giya za wazi zipake tone dogo la mafuta mepesi kwa ncha ya njiti ya kibiriti, ufute yaliyozidi ili vumbi lisishike. Zilizofungwa na kiwanda ziache kama zilivyo.