Jinsi ya kupumzika bila kujiona mwizi: kwa akina mama wenzangu wa Moshi

Kuna kitu nilikuwa nafanya na nina hakika hata wewe unakifanya. Nimekaa zangu nyuma ya nyumba kwenye kiti cha plastiki, nasikia geti linagongwa, kabla hata sijajua ni nani nishainuka nimeshika ufagio. Mtu anaingia ananikuta nafagia pale pale nilipofagia asubuhi. "Shikamoo mama, pole na kazi." "Marahaba mwanangu, ndo hivyo, kazi haziishi." Uongo mtupu, nilikuwa nimekaa. Huku kwetu mwanamke kukutwa amekaa ni kama amekutwa anaiba, tumelelewa na mama zetu waliokuwa wanashuka tambarare kukata majani ya ng'ombe wanapanda nayo kichwani hadi Kibosho, wakifika hata maji hawajanywa wanaanza kumenya ndizi. Mi wa kwangu hata kwenye kikao cha ukoo alikuwa na sweta mkononi anafuma.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Rau, nina watoto watatu, mlutheri tangu kubatizwa. Nashona vitenge na sare za kwaya. Sasa kuna Pasaka moja nilipokea sare za kwaya nzima, na nilikuwa kwenye kamati ya chakula, na mweka hazina wa VICOBA, na kikao cha sendofu ya mtoto wa dada, yaani Jumamosi saa saba usiku niko kwenye mashine macho yanauma, nikakata mikono miwili yote ya kushoto. Na kitambaa kilikuwa ndo hicho cha mwisho, dukani ile rangi ilishaisha. Asubuhi yule dada wa sauti ya pili aliimba amejifunga mtandio begani kuficha, na mimi nikalala mahubiri yote, sikukuu ya ufufuo, nimekaa benchi la tatu kutoka mbele mdomo wazi. Binti yangu ndo aliniambia kuhusu mdomo.

Nilijikemea sana wiki ile, nikadhani ni shetani, nikaongeza na kufunga juu yake. Aliyenisaidia ni jirani yangu, mama wa Kipare, Msabato (wenyewe wanajua historia yao, kanisa lao hapa nchini lilianzia huko huko Upare, Giti, mwaka 1903). Sitaki kuingia kwenye ule ubishi wa siku ipi, mimi Jumapili yangu nabaki nayo. Ila kitu kimoja kwake kilinishangaza, Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jua likizama mama huyu ameoga, watoto wameoga, nguo zimepigwa pasi zinaning'inia, chakula cha kesho kiko kwenye sufuria, nyumba kimya. Nikamuuliza we unawezaje na una duka na watoto wanne? Akaniambia, "Mama, mimi Sabato nimeianza Jumatano."

Hapo ndo nikaelewa. Pumziko ni kama makande, usipoloweka mahindi jana leo utatafuna mawe. Sisi tunangoja tuchoke ndo tukae, na tukichoka tunakuta vyombo, sare, mtoto hana soksi, tunainuka tena.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa chagua masaa, usianze na siku nzima utashindwa wiki ya kwanza. Mimi nilianza na Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, masaa manne tu. Ukiwa na genge na Jumapili ndo wateja wanakuja, chagua Jumatatu, Mungu hatakunyima. Muhimu yawe yale yale kila wiki, ili hata watoto na wateja wayazoee.

Halafu rudi nyuma uhesabu ni nini huwa kinakuinua kwenye kiti, hicho ndo unakimaliza mapema. Kwangu ni chakula, nguo za shule na simu.

Chakula mimi nafanya hivi. Ijumaa jioni nachambua maharage naloweka, Jumamosi asubuhi nayachemsha yote kwa mara moja bila chumvi wala kitunguu, napoza, nagawa kwenye vibakuli. Jumapili ni kuunga tu dakika kumi. Kama tunakula ndizi, namenya Jumamosi usiku naziweka kwenye beseni la maji zifunikwe kabisa zisiwe nyeusi, asubuhi kabla ya ibada ya pili naweka jikoni na nyama, nikirudi zinangoja. Kiburu (ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja) ndo kizuri zaidi maana kikilala hakina shida. Chapati Jumamosi. Chai ya jioni naichemsha mchana naitia kwenye chupa, maana nimegundua kile kitendo cha kuwasha jiko "mara moja tu" ndo kinachokuvuta, ukishawasha jiko utaona na maji ya kuoga, utaona na mboga, saa kumi na mbili hiyo imefika hujakaa.

Na kwenye Biblia iko wazi, Kutoka 16, wale waliambiwa siku ya sita waokote mana mara mbili, ya saba isitafutwe. Kuna waliotoka hivyo hivyo siku ya saba, wakakuta hakuna. Hao ndo sisi na viporo vya kazi zetu, tunatoka kwenda kuokota siku ambayo hakuna kitu, nguo unayoshona umechoka utaifumua Jumatatu.

Kazini nilibadilisha jambo moja tu, tarehe. Mteja akisema naitaka Jumapili namwambia mwisho wa kuchukua ni Ijumaa saa kumi na moja, na nguo za kwaya kitambaa kinifikie wiki tatu kabla. Wawili walinikimbia, ni kweli, sitakudanganya kwamba hela haikupungua mwezi ule. Waliobaki wamezoea.

Nguo za shule, hapo tulia ufundishe. Mtoto wa miaka kumi anajua kufua soksi zake na kupiga kiwi viatu Jumamosi, wa kiume pia, tena wa kiume hasa. Na baba watoto mwambie mapema kwa lugha nzuri, usimwambie Jumapili saa nane ukiwa umeshakasirika. Mi nilimwambia Alhamisi wakati anakula, "Baba, Jumapili kuanzia saa nane naomba niwe napumzika, wageni wakija chai iko kwenye chupa na vikombe viko pale, utawakaribisha." Akanyamaza kidogo akauliza, "Na sukari?" Nikajua amekubali.

Kama una dada wa kazi, hapa nisikilize vizuri. Amri ya Sabato inamtaja yeye, Kutoka 20:10, mjakazi wako naye hafanyi kazi siku hiyo. Wewe ukikaa na kitabu chako cha nyimbo na Biblia kwenye kivuli wakati msichana wa watu anasugua sufuria, hapo umehamisha mzigo tu, hujapumzika mbele za Mungu. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya masaa 24 kila wiki, kwa hiyo panga siku yake na yeye aende kanisani kwao, au alale, ni siku yake asiulizwe. Na huyu mwanamke wa Mithali 31 tunayehubiriwa kila kitchen party, soma mstari wa 15 polepole, anaamka usiku kweli lakini ana wajakazi anaowagawia sehemu zao. Sijawahi kusikia mhubiri akisimama hapo. Wengi wetu hatuna hata mmoja na tunataka tumfikie.

Simu. Naiweka kwenye kabati la vyombo, haizimwi kwa sababu ya wazazi, ila inakaa na sahani. Nilihesabu siku moja nikakuta niko kwenye magrupu kumi na moja ya WhatsApp na saba ni ya kanisa au harusi. Nilitoka matatu. Hakuna aliyeniuliza mpaka leo.

Sasa sehemu ngumu ni kazi za kanisani, maana kumkatalia mteja ni rahisi kuliko kumkatalia mzee wa kanisa. Tunaambiwa ni kazi ya Mungu hailipwi utalipwa mbinguni, sawa, lakini Yesu mwenyewe wanafunzi walipokuwa na watu wengi hata nafasi ya kula hawana aliwaambia waende faragha wakapumzike kidogo, Marko 6:31, na umati bado uko pale unahitaji. Chagua huduma moja uifanye vizuri. Mimi nilibaki na Jumuiya na kushona sare, nikaachia kamati ya chakula. Maneno niliyotumia ni haya, chukua kama yalivyo: "Mzee, Bwana Yesu asifiwe. Nashukuru kwa kuniamini tena, ila mwaka huu naomba nisiwepo kwenye kamati, nitachangia mchele kilo tatu na nitakuwepo siku yenyewe kama mshiriki." Usieleze sababu kumi na mbili, ukianza kujieleza sana atapata pa kukushikia, na utajikuta umerudi na umepewa uenyekiti.

Tuje kwenye masaa yenyewe, maana nilidhani nikishakaa nitajisikia vizuri papo hapo. Wapi! Jumapili ya kwanza nilikaa chini ya mparachichi, dakika tano nikaona kamba ya kuanikia imelegea, nikaona jani, nikaona kuku ana kitu mguuni. Mikono ilikuwa inawasha kutafuta kazi. Hii ni kawaida, usiinuke. Kama umechoka sana lala, usijilazimishe kusali masaa manne. Eliya kwenye 1 Wafalme 19 alikuwa amechoka mpaka anaomba kufa, malaika hakumkemea wala hakumpa semina, alimpa mkate na maji akala akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, ndo safari ikaendelea. Mwezi wangu wa kwanza wote nilikuwa nalala tu.

Usingizi ukishatosha ndo utaanza kuona watu. Naongea kwa kujijua mwenyewe hapa, nilikuwa nipo lakini sipo, mtoto anasimulia mi naitikia "ehee" huku nahesabu marejesho. Binti yangu wa mwisho alikuwa na tabia ya kunishika kidevu ananigeuza uso, "Mama niangalie." Sasa tunapukuchua maharage mabichi pamoja barazani, na najua mwenyewe nimesema usifanye kazi, lakini hii sio kazi, mikono inacheza tu na mdomo unafunguka. Kwenye yale maharage ndo nilijua kwamba shuleni hana rafiki tangu muhula uanze. Ningekuwa naharakisha angeniambia lini.

Sala nayo niliipunguza, msinishangae. Nachukua mstari mmoja wa wiki, basi. Niliwahi kukaa na "katika malisho ya majani mabichi hunilaza" wiki tatu, nikiwa kwenye cherehani mguu unakanyaga nasema hunilaza, hunilaza. Neno lenyewe ni zito ukiangalia, kondoo halali mwenyewe, analazwa. Na asubuhi kama mawingu yametoka nasimama mlangoni na kikombe naangalia Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, dakika mbili tatu kabla sijaongea na mtu. Tumezaliwa chini ya mlima ambao watu wanapanda ndege kuja kuuona, na sisi tunapita tumeinamisha vichwa tunawahi soko la Mbuyuni.

Upole unakuja kwa njia hiyo hiyo, sijui niseme vipi. Sijaamua kuacha kufoka. Nimeona tu kwamba wiki niliyolala vizuri uji ukimwagika namwambia mtoto lete tambara, na wiki ambayo sijalala uji ule ule nafufua makosa yake ya mwaka jana.

Jambo moja nilisisitize. Ukipumzika mwezi, miwili, bado mwili hauinuki, au usingizi umekataa kabisa, au unalia bila sababu, au moyo unaenda mbio ukipanda ngazi, usibaki kwenye maombi peke yake. Nenda hospitali ya Mawenzi, nenda KCMC, hata zahanati ya karibu, wapime damu na presha. Rafiki yangu tulimwombea karibu nusu mwaka roho ya uchovu, kumbe damu imepungua.

Na kuhusu lile geti. Mama mkwe wangu alikuja Jumapili moja saa tisa bila taarifa, amebeba mkungu mdogo wa ndizi na maziwa kwenye chupa. Moyo ulinipasuka lakini nilijibana kwenye kiti, nikasimama tu kumwamkia na kumpokea mzigo nikakaa tena. "Shikamoo mama." "Marahaba. Unaumwa?" Nikamwambia hapana mama, napumzika. Akaniangalia, akaangalia uwanja, nikasubiri maneno. Akavuta kiti kingine akavua viatu. Baba watoto alileta chai, sukari alisahau.

Zitakuwepo wiki zitakazoharibika. Jumapili iliyopita tulikuwa na msiba Uru, nimepika tangu Ijumaa na wanawake wenzangu, na msiba hauna saa nane wala saa kumi na mbili, unaenda. Nilirudi usiku miguu imevimba. Jumatatu nikafungua mashine, saa tisa nikaifunika na kitambaa, nikatoa kiti nyuma ya nyumba nikakaa mpaka watoto waliporudi shule.