Somo: Debian ijiapdeti yenyewe bila kukuharibia kazi

Wadau, swali hili nimelijibu mpaka vidole vimechoka, naandika mara moja. Nina stesheneri hapa Moshi, kompyuta tatu, zote Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux; toleo hili huitwa bookworm).

1. sudo apt install unattended-upgrades (apt ndiyo huweka na kuapdeti vifurushi, yaani programu; hiki kifurushi ndicho kitakachoapdeti chenyewe)

2. sudo dpkg-reconfigure -plow unattended-upgrades, kisha kubali.

3. Vipaumbele. Hapa niliungua, soma polepole. Nilitaka LibreOffice mpya ya backports, hazina ya pembeni yenye matoleo mapya zaidi. apt huipa hazina ya kawaida namba 500, backports 100. Yenye namba kubwa ndiyo husikilizwa. Kwa pupa nikaandika faili ndani ya /etc/apt/preferences.d/:

Package: *
Pin: release n=bookworm-backports
Pin-Priority: 900

Nyota hiyo maana yake kila kifurushi. Jumapili usiku nikapiga apt upgrade, ikavuta mpaka kerneli, kiini cha mfumo. Jumatatu saa mbili wateja wamejaa, Wi-Fi hakuna: draiva ya kidude changu cha Wi-Fi cha USB imeikataa kerneli mpya. Mama mmoja ananigongea kaunta kwa flashi yake, mimi nazima na kuwasha. Nilipona kwa kuchagua kerneli ya zamani kwenye menyu ya kuwashia.

Mstari wa kwanza uwe Package: src:libreoffice (vifurushi vya LibreOffice tu), namba iwe 500. ONYO: usifike 1000, hapo apt iko tayari hata kukurudisha toleo la nyuma. Faili liishie .pref; ukiliita .txt halisomwi.

4. apt-cache policy libreoffice-writer, tazama "Candidate", yaani toleo ambalo apt italiweka.

MASWALI

— Mkuu haifanyi kazi.
Nini haifanyi kazi? Weka majibu ya hatua ya 4.
— Hiyo niliiruka.
Basi irudie.

— Shikamoo kaka, niko Njiro. Mimi niliweka ya backports kwa apt install -t bookworm-backports tu, sina faili lolote, na bado inapata mapya. Kwa nini?
Marahaba. Hapo umenikamata. Toleo lililokwisha kuwekwa nalo lina 100, na apt hairudi nyuma kwa namba chini ya 1000, kwa hiyo apt upgrade inachukua jipya la backports. Kwa LibreOffice peke yake njia yako ni fupi kuliko yangu. Ila unattended-upgrades kwa kawaida haigusi backports. Hayo piga mwenyewe.

— Bando langu je?
nmcli connection modify "JINA" connection.metered yes. unattended-upgrades ikijua mtandao ni wa kulipia kwa kipimo, inasubiri.

— Na umeme ukikatika katikati?
sudo dpkg --configure -a. Juzi nimeipiga mara mbili.